Mayonesi, asali, pilipili ya kusaga: kipi friji, kipi kabatini (kwa sisi wa baridi ya Mbeya)

Jamani tuelewane kwanza, baridi ya Uyole mwezi wa saba sio friji. Najua alfajiri ukishika sufuria unaruka, ila ikifika saa nane mchana jua limewaka na kabati lako kama langu limebanana na jiko la gesi, humo ndani joto tele. Friji inatakiwa iwe nyuzi 4 kushuka chini, usiku na mchana.

Mimi huwa naangalia kilichomo kwenye chupa. Chenye siki, chumvi au sukari nyingi kinajilinda chenyewe. Kwa hiyo siki yenyewe kabatini, basi. Soya sosi ukiwa unaimaliza haraka kabatini sawa, ila lile lichupa la kupikia sikukuu hadi sikukuu weka friji maana ladha inapotea. Tomato sosi ikishafunguliwa inavumilia kabatini kama mwezi hivi, ila kwangu inakaa friji kwa sababu watoto wanachovya chipsi moja kwa moja kwenye mdomo wa chupa, afu pale kwenye kifuniko panajenga ukoko mweusi, ufute.

Asali sasa, hapa ndo tunagombana na wauzaji bure. Nilishamrudia mama mmoja sokoni nikamwambia mama umenichanganyia sukari, kumbe asali inaganda haraka zaidi kwenye nyuzi kama 10 mpaka 15, na hilo ndo kabati letu usiku kipindi cha baridi. Usiipeleke friji, haihitaji. Ikiganda weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka, itaachia yenyewe. Mawese ya Kyela nayo yakipanda huku juu yanaganda hivyohivyo, hayajaharibika.

Mayonesi haina mjadala, ukifungua tu friji, na ikilala nje usiku mzima tupa hata kama inanukia vizuri. Umeme ukikatika usifungue fungue mlango, friji iliyofungwa inashika baridi kama masaa 4.

Karanga ya kusaga kabatini miezi miwili mitatu inakaa, tumia kijiko kikavu. Ikianza kunuka kama rangi ya mafuta ujue imechacha. Ukiona ukungu usikwangue juu ukaendelea kula, tupa kopo zima, kuna sumukuvu.

Ninayoiogopa kweli ni pilipili ya kusaga ya nyumbani. Ile ya siki au ndimu nyingi na chumvi, friji inakaa wiki kadhaa, na ukifungua ikalia psss na povu juu, imeshachachuka hiyo. Ila ile tunayotwanga na kitunguu saumu kibichi afu tunamwagia mafuta mpaka ifunike, tukiamini mafuta yanaitunza, hapana. Mafuta yanazuia hewa, na kuna bakteria anapenda palepale pasipo na hewa wala uchachu, anatengeneza sumu ya kupooza mwili na husikii harufu wala ladha yoyote. Hiyo tengeneza kidogo, friji siku 4 mwisho, inayobaki igandishe kwenye friza.

Na kama huna friji kabisa, pilipili ponda ya kula leo leo, mayonesi nunua vile vipaketi vidogo vya mara moja.