Somo: Kupima na Kupanga Ukali wa Mwanga wa Taa kwa Miche ya Nyanya na Hoho Inayokuzwa Ndani

Ndugu wanachama, somo hili linawahusu wale wanaokuza miche ya nyanya, hoho na saladi chumbani kwa taa za LED. Hapa Dodoma sababu za kufanya hivyo zinaeleweka: upepo mkavu wa kiangazi hukausha trei kabla ya adhuhuri, inzi weupe huambukiza mche ugonjwa wa rasta, ule wa majani kujikunja na kuwa manjano, ukiwa bado na majani mawili, na kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya ambaye tangu aingie nchini mwaka 2014 hajatoka, haonei huruma mmea wowote wa jamii ya nyanya. Isitoshe, mbegu chotara siku hizi huuzwa kwa kuhesabu punje, na mtu aliyelipia punje hataki kupoteza hata moja.

Swali ninaloulizwa kila mara ni taa ining'inizwe umbali gani kutoka kwenye mche. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa sentimita, kwa sababu taa mbili zilizoandikwa wati zilezile, zikiwa kwenye kimo kilekile, zinaweza kutoa mwanga unaotofautiana mara mbili au zaidi. Kinachotakiwa kujulikana ni mwanga kiasi gani unalifikia jani, na unalifikia kwa saa ngapi.

Hatua ya kwanza ni kuijua taa yako. Usiamini namba kubwa iliyo kwenye boksi, maana taa inayotangazwa kuwa ya wati 1000 mara nyingi hula umeme wa wati 100 tu, na hiyo 1000 ni ulinganisho wa kibiashara na taa za zamani. Njia rahisi ya kupata ukweli ni kuzima kila kitu ndani ya nyumba, friji ikiwemo, kuandika uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, kisha kuiwasha taa peke yake kwa saa kumi. Ikiwa imekula uniti moja, basi hiyo ni taa ya wati 100, boksi liseme litakavyo.

Hatua ya pili ni kupima mwanga. Mmea hupimiwa mwanga kwa mikromoli zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde, kipimo ambacho kwenye karatasi za taa huandikwa PPFD. Mita yake halisi ni ghali, na kwa mtu wa trei nne au tano sioni haja ya kuinunua. Simu yenye programu ya kupimia laksi, yaani kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona, inatosha, mradi taa iwe nyeupe: chukua laksi ulizosoma, gawanya kwa 70, utapata makisio mazuri ya mikromoli. Laksi 7,000 ni kama mikromoli 100, na laksi 14,000 ni kama 200. Kwa mwanga wa jua mgawanyo ni 54, si 70.

Kabla ya kuiamini simu, itoe nje saa sita mchana siku isiyo na wingu, uilaze kioo kikiangalia juu. Hapa kwetu jua kamili la saa hiyo hufika laksi 100,000 au zaidi. Simu ikisoma pungufu sana, ama sensa yake imefika kikomo, ama inasoma chini ya ukweli. Katika hali hiyo itumie kulinganisha sehemu moja ya trei na nyingine, usiitegemee kwa namba kamili. Ukirudi ndani, ilaze usawa wa majani, si usawa wa udongo, na uhakikishe kichwa chako hakitii kivuli. Pima katikati, pima pembe zote nne, kisha pima katikati ya kila upande. Utashangaa: trei ambayo katikati yake inasoma 15,000 inaweza kusoma 8,000 pembeni, na hapo ndipo utakapojua kwa nini miche ya pembeni huinama yote kuelekea katikati. Dawa yake ni kuizungusha trei kila siku, au kusimamisha mbao zilizopakwa rangi nyeupe kando yake ili mwanga unaotoroka urudi.

Hatua ya tatu ni kuamua mche unahitaji kiasi gani. Tangu mche uchomoze hadi majani ya mbegu yafunguke vizuri, mikromoli 100 hadi 150 zinatosha. Majani halisi yakianza kutoka, panda hadi 200. Kuanzia jani halisi la tatu hadi siku ya kutoka nje, 250 ni kiwango kizuri, na 300 si dhambi kama maji na hewa viko sawa. Saladi ibakie kwenye 200 mpaka ivunwe. Mchicha sikushauri kuuwekea taa kabisa. Unapenda mwanga mwingi kuliko yote hii, na jua la Dodoma linautosha bila kulipiwa.

Hatua ya nne ni saa. Mmea hujumlisha mwanga wa siku nzima, kwa hiyo zidisha mikromoli kwa saa za kuwaka, kisha zidisha kwa 0.0036, utapata moli za siku. Mikromoli 200 kwa saa 16 ni moli 11.5, mikromoli 250 kwa saa hizohizo ni moli 14.4. Kwa miche ya nyanya na hoho lenga kati ya moli 10 na 15. Hesabu hii ina faida moja kubwa: taa yako ikiwa dhaifu, unaweza kufidia kwa kuongeza saa badala ya kununua taa nyingine. Hata hivyo, usivuke saa 18. Nyanya ikiangaziwa usiku na mchana bila giza, majani yake hugeuka manjano yenye mabaka na mche hudumaa, na mbolea hailitibu tatizo hilo. Unapoweka taima, kumbuka kwamba nyingi huhesabu saa za kizungu: kama unataka taa iwake saa kumi alfajiri na kuzimika saa mbili usiku, andika 04:00 na 20:00.

Hatua ya tano ndiyo kurekebisha. Taa yenye kitufe cha kupunguzia mwanga ipandishe kidogokidogo, sehemu moja ya kumi kila baada ya siku mbili au tatu. Isiyo nacho hurekebishwa kwa kimo, hivyo itundike kwa mnyororo badala ya kamba, ili ushushe pete moja baada ya nyingine pande zote mbili na taa isikae mshazari. Kumbuka kwamba balbu moja ikiinuliwa umbali mara mbili, mwanga wake hubaki kama robo; paneli pana hupoteza kidogo kuliko hapo. Kila ukigusa kimo, pima upya.

Kisha uutazame mche wenyewe, kwa sababu simu haikui. Shina jembamba lenye nafasi ndefu kati ya jani na jani linasema mwanga hautoshi. Majani ya juu yanayopauka na kuwa meupe wakati ya chini yakiwa kijani yanasema umezidi. Kingo zikijikunja kwenda juu, usikimbilie kupunguza mwanga: weka kwanza kiganja chako usawa wa majani kwa dakika moja. Kiganja kikihisi joto, tatizo ni chumba, na vyumba vingi vya bati hapa Dodoma mwezi Oktoba na Novemba ni tanuri hata taa ikiwa imezimwa.

Nitoe tahadhari moja kuhusu chati za umbali na mwanga zinazokuja na taa hizi au zinazosambazwa mtandaoni. Nyingi zilichorwa kwa ajili ya bangi, katika nchi zilizoiruhusu kama Kanada, na mmea huo unapochanua hupewa mikromoli 600 hadi 1000. Hapa kwetu kuulima ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na somo hili haliuhusu. Ninaitaja chati kwa sababu mkulima wa nyanya anayeifuata bila kujua huunguza miche yake ndani ya siku chache, kisha akalaumu mbegu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Nkuhungu na sina taa maalumu. Je, balbu za LED za kawaida za wati 9 zinafaa?

Marahaba. Zinafaa kwa miche. Funga nne juu ya trei moja, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye majani, na weka kitu cheupe pande zote. Kwa kawaida utapata mikromoli 100 hivi, kiasi kinachotosha wiki ya kwanza. Majani halisi yakitoka, ongeza balbu. Nyeupe na ya njano zote zinafanya kazi, ila gawanya laksi kwa 70 kwa nyeupe tu.

Kwa nini nisiiweke trei dirishani nikaepuka gharama?

Kwa sababu jua letu halipiti dirishani muda mrefu. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua huwa karibu na utosi na miale yake huishia juu ya paa. Trei ya dirishani hupata mwanga mkali muda mfupi wa asubuhi au jioni, kisha hukaa kivulini, na hata huo mwanga hutoka upande mmoja. Pima saa sita uone.

Taa yangu ni ya zambarau na simu inasoma laksi 2,000 tu. Niishushe?

Hapana, usiishushe kwa sababu ya namba hiyo. Laksi hupima mwanga kama jicho la binadamu linavyouona, na jicho huona kijani vizuri kuliko nyekundu na bluu, ambazo ndizo taa yako inazotoa. Kwa taa hiyo ule mgawanyo wa 70 haufai hata kidogo. Ianzishe sentimita 45, uangalie shina kwa siku tatu, ndipo uamue.

Mwalimu, mimi natumia umeme wa D1. Taa ya wati 40 itanitoa kwenye bei nafuu?

Piga hesabu: wati 40 kwa saa 16 ni uniti 0.64 kwa siku, yaani uniti 19 na kidogo kwa mwezi. D1, daraja la bei nafuu la TANESCO kwa watumiaji wadogo wa umeme, ina ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Kama nyumba yako hutumia 50, uko salama. Kama hutumia 60, utavuka, na gharama halisi ya miche yako itakuwa kubwa kuliko uliyodhani. Kwa wa namna hiyo, ni nafuu kukuza kwa awamu wiki nne kuliko kuacha taa mwaka mzima.

Mwezi wa saba majani yaligeuka zambarau kwa chini. Ni mwanga mkali?

Mwanga mkali unaweza kuchangia, lakini kwa Julai ningeanza na baridi. Usiku wa majira hayo hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mizizi iliyopoa hushindwa kufyonza fosforasi. Nyanyua trei kutoka kwenye sakafu ya saruji uiweke juu ya ubao, na umwagilie asubuhi badala ya jioni. Majani mapya yakitoka ya kijani, mwanga wako hauna kosa.

Miche ilikuwa mizuri ndani, nikaitoa shambani Nzuguni ikakauka yote kwa siku mbili. Nilimwagilia vya kutosha.

Ndani iliishi kwenye mikromoli 250; jua la saa sita nje linakaribia 2,000, na juu yake kuna upepo. Siku tatu za kwanza itoe kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha irudishe ndani. Siku tatu zinazofuata iache nje hadi saa kumi jioni chini ya neti ya kivuli, upande uliokingwa na upepo. Baada ya hapo iache nje hata usiku, ukiondoa neti asubuhi na jioni na kuirudisha mchana. Siku ya kumi ihamishie shambani, na ifanye kazi hiyo baada ya saa kumi jioni.