Muuguzi mwenye uzamivu akirudi wodini: namna ya kuanza, kupima na kuongoza

Hospitali ikipata muuguzi mwenye shahada ya uzamivu, mambo mawili hutokea haraka: anapewa ofisi, kisha anapewa kamati. Miezi michache baadaye kazi yake ni kuandika taarifa na kupokea wageni, na wodi iko vilevile alivyoikuta. Mwongozo huu ni wa muuguzi huyo, na pia wa Mganga Mfawidhi na Muuguzi Mfawidhi watakaompokea. Mifano ni ya mazingira ya Tanga, ambako hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, hupokea wagonjwa kutoka Pangani, Muheza, Mkinga na wilaya za mbali zaidi kama Handeni na Kilindi.

Shahada yako ni ya aina gani?

Uzamivu wa uuguzi una njia mbili. Ya kwanza ni PhD, yaani ya utafiti. Ya pili ni ya utendaji, inayoitwa DNP kwa kifupi, nayo imekulia Marekani: Chuo Kikuu cha Kentucky kiliianzisha mwaka 2001, na mwaka 2004 umoja wa vyuo vya uuguzi vya huko ukaiunga mkono rasmi. Mwanafunzi wa DNP anayetokea shahada ya kwanza hutakiwa kukamilisha saa 1,000 za kazi kwa vitendo. Wa PhD anafundishwa kutafuta maarifa mapya. Wa DNP anafundishwa kuyachukua yaliyopo na kuyafikisha kitandani kwa mgonjwa.

Kila njia ina mtego wake. Mwenye PhD huanzisha utafiti mahali panapohitaji marekebisho tu. Mwenye DNP huanza kurekebisha kabla hajahakikisha tatizo lenyewe ni lipi. Jijue uko wapi, kisha tafuta mwenzako wa upande wa pili, hata kama yuko Dodoma na mnaongea kwa simu.

Kabla ya kugusa chochote

Omba barua ya majukumu inayotaja siku mbili za wodi kila wiki na angalau zamu moja ya usiku kwa mwezi. Isipoandikwa, siku hizo zitamezwa na vikao. Zamu ya usiku ina sababu yake: ndipo utakapojua ufunguo wa jokofu la dawa unakaa na nani, mkunga mmoja anahudumia vitanda vingapi, na daktari wa zamu hupatikana baada ya muda gani.

Kwa mgonjwa, jitambulishe kikamilifu: "Naitwa Dokta fulani, mimi ni muuguzi mkunga." Ukisema "Dokta" ukaishia hapo, mama ataamini ameshaonwa na daktari na hatauliza tena. Kwa wakunga wakongwe, shikamoo itangulie na vyeti vifuate baadaye, ikibidi. Swali la kuwauliza ni "Usiku kinachokukwamisha ni nini, mama?" Ukiuliza "Kwa nini hamfuati mwongozo?" utajibiwa kwa heshima, na hutaambiwa kitu.

Chagua tatizo moja, lipime

Tuchukue kuvuja damu baada ya kujifungua, maana ushahidi wake ni mzuri na Tanzania imeshiriki kuupata. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulihusisha hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na wanawake zaidi ya 210,000. Damu ilipopimwa kwa mfuko wa kukingia damu wenye alama za vipimo, na matibabu yote ya mwanzo yakatolewa kwa pamoja, waliopata madhara makubwa (kupoteza damu lita 1 au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwayo) walikuwa asilimia 1.6, wakati kwenye hospitali za huduma ya kawaida walikuwa asilimia 4.3. Kutambua tatizo kulipanda kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi asilimia 93.

Dawa zilizotumika hazikuwa ngeni. Kilichobadilika ni kupima, na kutosubiriana.

Anza na rejesta ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya) ya wodi ya wazazi, wiki 12 zilizopita. Angalia safu ya damu iliyopotea. Ukikuta karibu kila mama ameandikiwa mililita 150 au 200, ujue hakuna aliyepima. Watu wamekadiria kwa macho. Na macho hudanganywa na kanga. Mama wa Tanga anakuja na doti zake mbili tatu, zinatandikwa chini yake juu ya mpira, na kanga ya rangi nzito hunywa damu nyingi bila kuonyesha.

Mifuko yenye alama ikiwepo, itumieni. Isipokuwepo, pimeni kwa uzito:

1. Pima kanga na pedi zikiwa kavu kwa mizani ya kidijitali, uandike gramu kwenye kipande cha plasta ukibandike ukutani juu ya kitanda.
2. Subiri mtoto atoke na maji ya uzazi yaishe, toa zilizolowa, ndipo utandike hizo kavu. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ikirukwa maji ya uzazi na mkojo vitahesabiwa kuwa damu.
3. Pima tena baada ya saa moja, au mapema zaidi ukiona inatoka kwa wingi. Toa uzito wa kavu. Gramu 1 ni takriban mililita 1.
4. Ikifika mililita 500, anzeni matibabu. Anzeni hata kwenye 300 kama mapigo ya moyo, shinikizo la damu au hali ya mama haiko sawa.

Matibabu ya mwanzo ni kukanda mji wa mimba, oksitosini (dawa ya kuubana mji wa mimba), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande) gramu 1 kwenye mshipa taratibu kwa dakika 10 (iwe ndani ya saa 3 tangu kujifungua), maji ya mshipa, kibofu kiwe kitupu, na kukagua kondo la nyuma na njia ya uzazi kama kuna mchaniko. Vyote vinakwenda pamoja. Kungoja kuona kama dawa ya kwanza imefanya kazi ndiko kunakopoteza muda.

Sasa nenda kwenye jokofu. Oksitosini hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na joto la Tanga halina mchezo, hasa kuanzia Desemba. Kama vichupa vinashinda kwenye trei ya chumba cha kujifungulia siku baada ya siku, nguvu ya dawa itapungua na mkunga ataonekana hakuchoma sindano ilhali alichoma. Tumieni kikasha kidogo cha baridi, mtoe vichupa vya zamu moja tu, visigusane na barafu. Joto la jokofu lisomwe mara mbili kwa siku na liandikwe, pamoja na saa ambazo umeme ulikatika.

Weka grafu moja ukutani: asilimia ya akina mama waliopimwa damu, kila wiki nukta moja. Chora mstari wa kati kwa takwimu za mwanzo, nusu ya nukta ziwe juu yake na nusu chini. Nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari zinaonyesha kuna kilichobadilika kweli. Nukta moja iliyopanda wiki ya ukaguzi haina maana yoyote. Na msishangae visa vya kuvuja damu vikiongezeka miezi ya mwanzo. Vilikuwepo, havikuwa vikionekana. Mweleze Mganga Mfawidhi jambo hili mapema, kabla hajaulizwa na mkoa.

Uongozi wenyewe uko hapa

Kazi ambayo wengi huikwepa ni kupata karatasi moja iliyosainiwa inayosema mkunga wa zamu ataanza matibabu hayo kabla daktari hajafika. Bila karatasi hiyo, stadi zote za wodini zitaishia kwenye "tumempigia simu daktari." Iandike pamoja na mkuu wa idara ya uzazi, jina lake litangulie lako. Hapo uzamivu una faida: unaweza kumwekea mezani ushahidi, ukajibu maswali yake juu ya takwimu kwa lugha anayoiheshimu, na ukakubali anapokosoa kwa haki. Daktari anayehisi amenyang'anywa kazi hatasaini. Aliyeshiriki kuandika atautetea mwongozo hata usipokuwepo.

Pili ni fedha. Mwaka wa serikali huanza Julai 1 na maandalizi ya bajeti yanatangulia kwa miezi mingi, kwa hiyo ombi la mizani na vikasha vya baridi linaloletwa Mei limeshachelewa. Asiyekuwepo na lake halipo. Mwone Katibu wa Afya mapema na ukurasa mmoja: tatizo, grafu, vifaa kwa idadi, na kile kitakachopungua, kwa mfano idadi ya chupa za damu zinazoombwa, na idadi ya wagonjwa wanaorudishwa chumba cha upasuaji. Kurasa kumi hazisomwi.

Kuhusu kibali: mnaporekebisha huduma yenu kwa takwimu zenu, idhini ya uongozi wa hospitali kwa kawaida inatosha. Mkikusudia kuchapisha au kuwahoji wagonjwa kwa ajili ya utafiti, andiko lipite kwanza kwenye kamati ya maadili, ya chuo au ya kitaifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kibali hakiombwi baada ya takwimu kukusanywa.

Vinavyoangusha kazi

Kumlaumu mtu ndiko kunakoharibu upesi kuliko vyote. Mkunga akigombezwa mbele ya wenzake kwa sababu mama alipoteza mililita 900, mwezi ujao rejesta itarudi kwenye 200. Kikao cha kupitia kisa kiulize kifaa kilikuwa wapi, dawa ilikuwa wapi, nani aliitwa saa ngapi.

Halafu mafunzo ya hotelini. Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo, na warsha nyingi ni hivyohivyo: mtaalamu anakuja, posho inasainiwa, jioni hayupo. Fundisheni wodini, dakika 15 wakati wa kukabidhiana zamu, kwa Kiswahili, mkiwa na mizani na kanga yenyewe iliyomwagiwa maji yenye rangi.

La tatu ni uhamisho wa ndani. Ratiba inazunguka, mkunga aliyefundishwa anapelekwa wodi ya watoto. Kubaliana na Muuguzi Mfawidhi kwamba kila zamu ibaki na angalau mmoja anayejua kazi hii, na kwamba mgeni hapangwi usiku peke yake kabla hajapima akina mama watano akisimamiwa.

Grafu ijazwe na wakunga wenyewe tangu wiki ya kwanza, hata kama mkono wao unachora mstari uliopinda. Kazi ikitimiza miezi sita, chukua likizo ya wiki mbili na usiulize kitu. Ukirudi ukakuta nukta mbili mpya ukutani, anza kufikiria tatizo linalofuata. Usipozikuta, mradi bado ni wako peke yako. Keti na Sista wa wodi mkubaliane nani atashika kalamu, na lini.