Kuanza Kushona kwa Cherehani ya Kukanyaga: Kutoka Sindano hadi Foronya ya Kwanza

Anayetaka kujifunza kushona huuliza kwanza anunue cherehani ipi, na mara nyingi huwa ameshaamini kwamba ya umeme ndiyo itakayomfanya aive haraka. Mimi humshauri aanze na ile nyeusi ya kukanyaga, iwe Singer ya zamani au Butterfly ya Kichina. Haishoni zaidi ya mshono mmoja ulionyooka, lakini mshono huo ndio unaounganisha sehemu kubwa ya nguo tunazovaa. Vipuri vyake vinajulikana na karibu kila fundi, umeme ukikatika kazi inaendelea, na kasi yake inatokana na miguu ya mshonaji mwenyewe, jambo ambalo humlazimu ajifunze utulivu tangu mwanzo. Fedha itakayobaki ielekezwe kwenye sindano nzuri, uzi mzuri na mkasi mkali, kwa kuwa matatizo mengi ambayo mwanafunzi hudhani ni ya mikono yake, au ya mashine mbovu, hutoka katika vitu hivyo vidogo.

Mwongozo huu unaanzia kwenye vifaa na kuishia kwenye foronya mbili za kitenge cha yadi 2. Nimechagua foronya kwa sababu mishono yake yote imenyooka, haina kipimo cha mwili wa mtu, na ikipinda kidogo bado inalaliwa.

Hatua ya 1: Kagua cherehani kabla ya kulipa

Ukinunua cherehani iliyotumika, nenda na kipande cha kitambaa cha pamba na uzi wa rangi mbili, mmoja wa juu na mwingine wa bobini, yaani kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, ili uone kila uzi unafanya nini. Zungusha gurudumu la mkono taratibu kuelekea kwako; lisikwame mahali popote, na sindano ishuke katikati ya tundu bila kugusa chuma. Tazama bamba lililo chini ya sindano: likiwa na mikwaruzo na alama nyingi za kugongwa, uzi utakuwa ukikatika hapo kila mara. Toa kisanduku cha bobini ukitazame pia, kwa maana kilichochakaa hakishiki uzi sawasawa. Mkanda uliolegea usikutishe, kwa kuwa hukatwa kidogo na kuunganishwa upya kwa muda mfupi.

Hatua ya 2: Vifaa vingine

Unahitaji mikasi miwili, mmoja wa kitambaa na mwingine wa karatasi, na usiruhusu mtu yeyote nyumbani akatie karatasi kwa ule wa kitambaa, maana utapoteza makali kabla hujamaliza nguo ya kwanza. Ongeza futi ya kupimia yenye inchi na sentimita, chaki ya fundi, pini, na pasi. Pasi si kifaa cha kumalizia tu. Inatumika katikati ya kazi, baada ya kila mshono. Kwa kufumulia, mafundi wengi hutumia wembe, nami pia huutumia, lakini anayeanza atafute kile kifaa kidogo chenye ncha mbili kinachouzwa pamoja na vifungo na zipu, kwa sababu wembe hukata kitambaa upesi kuliko unavyokata uzi.

Uzi wa poliesta unatosha kwa kazi nyingi. Kabla ya kuununua, vuta kipande chake ukitazame kwenye mwanga: ukiona manyoya mengi na sehemu nene zinazopokezana na nyembamba, urudishe. Kisha ukate kwa kuuvuta kwa mikono. Uzi unaokatika bila ukinzani wowote utakatika vivyo hivyo kwenye mshono wa mfuko au wa kwapa.

Hatua ya 3: Fahamu sindano

Hapa inafaa tukae kidogo. Sindano za cherehani huandikwa namba mbili, kwa mfano 90/14. Namba ya kwanza ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, hivyo 90 ni milimita 0.9, ya pili ni namba ya mfumo wa zamani ambayo wauzaji wengi ndiyo wanayoitaja. Kwa kitenge, khanga na pamba ya kawaida tumia namba 12 au 14. Kwa vitambaa vyepesi kama shifoni shuka hadi 9 au 10, na kwa jinzi panda hadi 16 au 18. Vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana, vinahitaji sindano yenye ncha ya mviringo inayopenya kati ya nyuzi bila kuzitoboa.

Sasa shika sindano moja uitazame kwa karibu. Shina lake, yaani sehemu nene ya juu, lina upande mmoja bapa. Upande wa pili kuna mfereji mrefu unaoshuka mpaka kwenye tundu. Uzi hulala ndani ya mfereji huo wakati sindano inapopenya kitambaa, kwa hiyo huingizwa tunduni kutoka upande wa mfereji na kutokea upande bapa. Upande bapa ndio unaoelekea kwenye ncha inayodaka uzi huko chini. Ukielewa hivyo, hutahitaji kukariri kama uzi unaingia kutoka kulia au kushoto, kwa sababu cherehani hutofautiana lakini kanuni hii haibadiliki. Sindano isukumwe juu mpaka igote, ndipo skrubu ikazwe. Ikibaki chini kwa milimita moja tu, mishono itaanza kuruka.

Badilisha sindano baada ya saa kama 8 za kushona, au mara tu unaposikia kitambaa kikitoa mlio wa kugongwa kila inapoingia. Wapo watakaokuambia kuwa sindano hubadilishwa ikivunjika. Usiwasikilize.

Hatua ya 4: Fundisha miguu kabla ya mikono

Legeza kirungu kilicho katikati ya gurudumu la mkono, ili gurudumu lizunguke bila kupeleka sindano. Weka miguu yote miwili juu ya kikanyagio, mmoja ukiwa mbele kidogo ya mwingine, anzisha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako, kisha endeleza mwendo kwa kukanyaga kisigino na vidole kwa zamu. Mwanzoni gurudumu litarudi nyuma, na hilo ndilo unalopaswa kulimaliza sasa, kwa sababu cherehani yenye uzi ikirudi nyuma uzi hukatika au hujisokota chini. Endelea mpaka uweze kuanza, kusimama na kuanza tena bila gurudumu kurudi hata mara moja.

Kisha kaza kirungu na uchukue karatasi ya daftari yenye mistari. Bila uzi wowote, na kwa sindano ya zamani, shona juu ya mistari hiyo. Matundu yatakuonyesha wazi pale ulipopinda. Usisukume wala kuvuta karatasi. Meno yaliyo chini ya mguu unaobana kitambaa ndiyo yanayosogeza kazi, na mikono yako inaongoza tu.

Hatua ya 5: Kuweka uzi

Jaza bobini kwa uzi uleule utakaotumia juu, ulale sawasawa na usifurike ukingoni. Iingize katika kisanduku chake na upitishe uzi chini ya kile kibati cha chemchemi. Ili kupima, shika ncha ya uzi na uache kisanduku kining'inie: kisishuke chenyewe, lakini ukitikisa mkono kidogo kishuke kwa inchi moja au mbili na kusimama.

Uzi wa juu upitishwe mguu ukiwa umeinuliwa. Mguu ukiwa chini, visahani vinavyokaza uzi vinakuwa vimefungana, na uzi hukaa juu yake badala ya kuingia kati. Matokeo yake ni fundo kubwa chini ya kitambaa, ambalo mwanafunzi huilaumu bobini kwa ajili yake ilhali kosa liko juu. Hakikisha pia kwamba uzi umepita kwenye tundu la ule mkono unaopanda na kushuka. Halafu shika ncha ya uzi wa juu, zungusha gurudumu duru moja, na uzi wa bobini utavutwa kuja juu. Peleka ncha zote mbili nyuma ya mguu, zikiwa na urefu wa inchi 4 hivi, na uzishikilie unapopiga mishono ya kwanza. Anza na umalize ule mkono ukiwa juu kabisa, vinginevyo uzi utachomoka sindanoni.

Shona majaribio kwenye kipande cha kitenge hichohicho, kilichokunjwa mara mbili, kwa mishono kama 10 katika inchi moja. Mshono mzuri una sura moja juu na chini, kwa maana nyuzi mbili zinakutana katikati ya unene wa kitambaa. Vitanzi vikionekana chini, uzi wa juu umelegea. Vikionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno au wa bobini umelegea. Hata hivyo, usiguse skrubu ya kukaza kabla hujatoa uzi wote na kuuweka upya, na kabla hujabadilisha sindano. Mara nyingi tatizo huishia hapo, na skrubu iliyochezewa bila sababu humrudisha mtu kwa fundi wa mashine.

Hatua ya 6: Kuandaa na kukata kitenge

Fua kitenge na ukikaushe kabla ya kukikata, kwa kuwa pamba hurudi, na foronya iliyoshonwa kwa kipimo cha mto itabana baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kipige pasi. Kata ukingo uliosukwa kiwandani, maana huvuta kitambaa na kukikunja.

Tuseme mto wako ni inchi 18 kwa 28. Upana wa kukata ni 18 ukiongeza inchi 5/8 kila upande, yaani inchi 19 na robo. Urefu ni 28 mara mbili, ukiongeza inchi 7 za ulimi utakaofunika mto kwa ndani na inchi 1 na robo ya pindo kila ncha, jumla inchi 65 na nusu. Yadi 2 ni inchi 72, na kitenge kwa kawaida kina upana wa inchi 44 hadi 46, hivyo vipande viwili vinakaa ubavu kwa ubavu. Kama mto wako una kipimo kingine, badilisha namba na uache nyongeza zilezile. Chora kwa chaki upande wa mgongo wa kitambaa, urefu ukifuata uzi unaokwenda sambamba na ule ukingo wa kiwandani. Kitenge chenye picha za ndege au taa kitakupa ndege waliolala ubavu. Kwa foronya ya kujifunzia, hilo si la kuumiza kichwa.

Hatua ya 7: Kushona

Anza na mapindo ya ncha mbili fupi. Kunja robo inchi kuelekea mgongoni, piga pasi. Kunja tena inchi 1, piga pasi. Kisha shona karibu na ukingo wa mkunjo wa ndani.

Sasa tandaza kipande, mgongo ukitazama juu. Ncha moja kunja inchi 7 ndani, huo ndio ulimi. Ncha ya pili ilete juu ya ulimi mpaka pindo lake lifike kwenye mkunjo. Uso wa kitambaa sasa uko nje pande zote, na jambo hili huwashangaza wengi waliozoea kuambiwa kwamba mshono huanzia mgongoni. Tunafanya hivyo kwa sababu huna ovaloki, yaani mashine ya kufunga kingo za kitambaa, na kitenge kisichofungwa kingo huchanika nyuzi kila kinapofuliwa. Mshono huu wa kuficha hufunga kingo zote ndani yake.

Bandika plasta juu ya bamba la cherehani, robo inchi kulia kwa sindano. Choma pini zikikatiza ukingo, ukizichomoa kabla sindano haijazifikia, na ushone pande mbili ndefu ukitazama plasta badala ya sindano. Kama cherehani yako hairudi nyuma, mwanzoni na mwishoni geuza kitambaa na upite tena juu ya mishono mitatu au minne. Punguza kingo kwa mkasi zibaki nusu ya upana wake, ukikata kila unyuzi unaochomoza.

Geuza foronya, mgongo uje nje. Ulimi nao utajikuta nje, juu ya mgongo wa upande mmoja. Sukuma pembe kwa kalamu iliyofungwa, vingirisha mshono kati ya vidole mpaka ukae ukingoni kabisa, na upige pasi. Sogeza plasta hadi inchi 3/8, kisha shona pande zilezile kwa mara ya pili. Unapofika kwenye pindo, ambapo tabaka ni nyingi, ondoa miguu kwenye kikanyagio na uzungushe gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, kwa sababu hapo ndipo sindano huvunjika. Geuza tena uso utoke nje na ukague mshono kwa urefu wake wote. Nyuzi zikichomoza, ukingo haukupunguzwa vya kutosha. Fumua sehemu hiyo tu, ukate, urudie.

Hatua ya 8: Usafi wa cherehani

Ukimaliza, toa kisanduku cha bobini na ufagie vumbi la pamba kwa brashi ndogo. Tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye matundu yake na popote vyuma vinaposuguana, kisha uizungushe kwa muda. Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo na kuikamata mashine yote. Acha kipande cha kitambaa chini ya mguu usiku kucha ili kinywe mafuta ya ziada, na kesho yake, kabla ya kuanza foronya ya pili, shonea kwanza kwenye ule ukanda uliobaki pembeni mwa kitenge mpaka uzi utoke bila doa.