Hesabu ya huduma za pamoja: angalia imegawanywa kwa ngapi

Ndugu zangu mliopanga fremu (vyumba vya biashara) Mwanjelwa na Kabwe, Mbeya, mwenye jengo akileta hesabu ya mwaka ya mlinzi, usafi, maji na umeme wa korido, msiishie kwenye jumla. Angalieni kagawanya kwa ngapi.

Chukua jengo lenye mita za mraba 400 za kupangisha, fremu yako 20. Gharama zikiwa shilingi 3,600,000, fungu lako ni 180,000. Lakini fremu zenye jumla ya mita 100 zikiwa tupu, na mwenye jengo akagawanya kwa 300, utaandikiwa 240,000. Hiyo 60,000 ni mzigo wa fremu zisizo na watu, na kwa haki ni wake, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Someni mkataba kabla ya kubishana, tafadhali.

Ombeni risiti, za LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya korido hasa. Na bati jipya la jengo zima lisichomekwe humo. Hiyo ni mali yake.

Kama ulikuwa unachanga 20,000 kila mwezi, umeshatoa 240,000. Iliyozidi fungu lako la 180,000 ikatwe kwenye kodi inayofuata, kwa maandishi yenye sahihi zenu wote wawili.