Kabla ya kukatwa kipande cha nyama ya uvimbe wa taya kikapimwe

Uvimbe wa taya usiouma ndio unaotuponza. Mdogo wangu alitembea na wake mwaka mzima hapa Ujiji akiambiwa ni jino. Yaling'olewa mawili, uvimbe ukabaki palepale. Dozi ya antibayotiki ikiisha na uvimbe haujashuka, usirudie dozi. Omba picha.

Anza na eksirei ya taya zima, ile mashine inayokuzunguka kichwa. Huonyesha kama mfupa umeliwa, kama una vishimo mfano wa povu la sabuni. Siti skani, picha za kompyuta zinazoonyesha ndani kipande kwa kipande, huonyesha uvimbe umeishia wapi. Picha zitangulie kisu. Daktari akichoma sindano kwanza kuvuta maji, mwache afanye: ikijaa damu tupu, atajua si pa kukata ovyo.

Mtoto ambaye taya linavimba ndani ya wiki chache na meno yanalegea, mkimbize leo. Saratani ya Burkitt hukua kasi mno, lakini husikia dawa ikiwahiwa.

Sasa kichupa cha kubebea kinyama, yaani kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe. Kinyama cha mdogo wangu nilikabidhiwa mwenyewe nikipeleke Mwanza. Nilikifunga kwenye kitambaa, nikakipakata ndani ya basi kutwa nzima. Maabara, kijana aliyepokea alifungua kifuniko, akakunja uso. "Dada, haya ni maji ya dripu. Nyama imeshaharibika." Nilirudi Kigoma mikono mitupu, na mdogo wangu akakatwa tena palepale, kidonda hakijapona. Alinishika mkono bila kusema neno.

Kwa hiyo uliza kwa mdomo wako: hii ni fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze? Iwe nyingi, mara kumi ya nyama. Kichupa kiwe na mdomo mpana. Jina, umri na upande wa taya viandikwe ubavuni, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Na picha iende pamoja na kinyama. Magonjwa kadhaa ya mfupa hufanana kwenye darubini. Safari ya pili niliibeba, jibu likaja: ameloblastoma, uvimbe wa taya unaoanzia kwenye chembe za kutengeneza meno. Kwa kawaida haisambai mwilini, ila inakula mfupa, na ikikwanguliwa tu mara nyingi hurudi.

Jibu halitoki kesho, mfupa hulainishwa kwanza kwa asidi. Acha namba mbili za simu. Wakati unasubiri, usikande kwa maji moto, usichanjwe chale juu ya uvimbe, usikubali jino jingine ling'olewe, na karatasi zote, hata risiti, weka kwenye bahasha moja.