SOMO: Ulinzi uliomo tayari kwenye Windows ya ofisini, uwashe kabla hujauliza antivairasi gani nzuri

Wakuu, naandika mara moja tu. Siku nyingine mtu akiniuliza "antivairasi gani nzuri ya kompyuta ya ofisi?" nitambandikia linki ya hapa niendelee na kazi zangu.

Kama una Windows 10 au 11, antivairasi unayo. Inaitwa Microsoft Defender, na imekuja ndani ya Windows kama antivairasi kamili tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Kwenye Vista na 7 kulikuwa na kitu chenye jina linalofanana, ila kile kilihangaika na programu za upelelezi tu, na nadhani sifa mbaya inayoiandama hadi leo ilianzia huko. Kompyuta nyingi ninazoitiwa zikiwa zimeshaliwa na virusi zilikuwa nayo. Kuna mtu aliizima.

Naongea na mwenye kompyuta moja hadi tano, ofisi isiyo na mtu wa IT. Wenye seva, somo lenu ni jingine.

1. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, fungua. Kijani ni shwari, njano ina jambo la kukuambia, nyekundu acha unachofanya.

2. Sasisha Windows yote, kisha zima na uwashe. Siyo "nitawasha kesho".

3. Kama kompyuta ilikuja na antivairasi ya majaribio, iondoe kabisa. Defender ikiona nyingine imejisajili hujiweka pembeni yenyewe. Ukishaiondoa, washa upya uhakikishe Defender imerudi kazini.

4. Ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", washa vyote vya ulinzi unavyovikuta hapo. Hasa Tamper Protection, maana ndiyo inayozuia programu nyingine kumzima mlinzi kwa mlango wa nyuma.

5. Ukurasa huo huo, shuka hadi Exclusions. Hii ni orodha ya vitu ambavyo Defender ameambiwa asivikague, na inatakiwa iwe tupu au uweze kueleza kila kilichomo. Nimewahi kukuta diski C nzima imo humo. Aliyeweka ni fundi aliyeingiza kraki (kifaili cha kufungulia programu bila kuilipia) ya programu fulani, na maelekezo ya kraki yalisema "zima antivairasi kwanza". Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, jiulize anafuata nini.

6. "App & browser control": washa vyote vya Reputation-based protection, yaani ulinzi dhidi ya programu na tovuti zisizoaminika.

7. Faiawoli, yaani ukuta unaochuja kinachoingia kutoka mtandaoni, iwe imewashwa kwa mitandao yote mitatu (Domain, Private na Public). Ukiwa kwenye wifi isiyo yako, chagua Public.

8. Controlled folder access. Hapa kaa chini usome, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Kazi yake ni kuzuia programu isiyoaminika kubadili mafaili ndani ya mafolda uliyoyalinda. Ni silaha nzuri dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, na kwa kawaida huwa imezimwa. Mimi niliiwasha kwa mteja jioni ya siku ya mwisho wa mwezi, nikaaga, nikaondoka kifua mbele. Programu yake ya hesabu ilikuwa inahifadhi data ndani ya Documents. Asubuhi mhasibu anaingiza ankara, anabonyeza kuhifadhi, programu inasema faili halipatikani. Faili analiona kwa macho yake! Kila akijaribu, kijisanduku cha taarifa kinachomoza chini kulia, naye anakifunga haraka kwa sababu kinaziba jumla ya ankara. Akanipigia. Mimi, bila kuuliza swali hata moja, nikamwambia faili limeharibika, rudisha nakala. Nakala ilikuwa ya wiki iliyopita. Akaikopi juu ya faili zima, na Windows ikamruhusu, kwa sababu ukikopi kwa mkono Controlled folder access haikuzuii. Wiki nzima ya ankara ikafutika. Tulikaa siku mbili tunaziingiza upya kutoka kwenye karatasi, mimi nasoma, yeye anachapa, hatuongei mengine.

Kwa hiyo:

Iwashe siku tulivu, asubuhi, mtumiaji mwenyewe akiwepo. Fungua kila programu ya kazi, hifadhi kitu cha majaribio, skani karatasi iingie kwenye folda lake, endesha na bekapu. Kitakachozuiwa utakiona kwenye Protection history. Kiruhusu kupitia "Allow an app through Controlled folder access", kisha jaribu tena.

Ruhusa inafuata mahali programu ilipo. Ikihamia folda jingine baada ya kusasishwa, itazuiwa upya, usishangae.

USIRUHUSU PowerShell wala kitu chochote cha kuendesha skripti eti kwa sababu kilitokea kwenye orodha. Ukikiruhusu hicho, umeruhusu kila atakayepitia mgongoni mwake.

Documents, Pictures, Videos na wenzake zinalindwa zenyewe. Data yako ikikaa D, haimo hadi uiongeze kwa mkono. Na elewa kwamba inazuia kubadili, haizuii kusoma. Mwizi wa kunakili mafaili bado anaweza kuyanakili.

9. Kazi za kila siku zifanyike kwenye akaunti ya kawaida. Ya admini ibaki kwa kuweka programu tu.

10. Bekapu kwenye diski ya nje, na ikimaliza ICHOMOE. Diski iliyochomekwa muda wote itafungwa pamoja na kompyuta.

Maswali karibuni.

---

haraka_sana: Mkuu asante kwa somo. Sasa kwa ofisi unashauri antivairasi gani?

Mwandishi: Rudi juu, aya ya pili.

karani_wa_zamu: nimefuata hatua zote imegoma, msaada tafadhali wateja wanasubiri

Mwandishi: Imegoma nini? Hatua ipi? Imeandika nini kwenye skrini? Siko hapo ofisini kwako.

karani_wa_zamu: skana haileti karatasi

Mwandishi: Hatua ya 8. Nimeandika "skani karatasi" kwa herufi kabisa. Angalia Protection history.

karani_wa_zamu: imekubali, asante mkuu 🙏

mdadisi: Swali langu: nitajuaje kwamba inafanya kazi kweli, bila kutafuta virusi vya kweli nijiletee balaa?

Mwandishi: Swali zuri kuliko yote leo. Kuna faili la majaribio linaitwa EICAR. Ni mstari mmoja wa maandishi wenye herufi na alama 68, hauna madhara yoyote, ila watengenezaji wa antivairasi walikubaliana kuushika kama virusi. Pakua faili hilo kwenye tovuti ya EICAR wenyewe. Defender akiwa macho, faili halitakaa hata sekunde chache, na utaona tukio kwenye Protection history. Likibaki limetulia kwenye Downloads, rudi hatua ya 4 na ya 5. Na wewe mdadisi, wafanye wafanyakazi wote waione taarifa ile ikichomoza, ili siku ya siku waitambue.

mzee_wa_mitambo: Cha bure ni cha bure tu. Makampuni makubwa yanalipia, wewe unawadanganya watu.

Mwandishi: Makampuni makubwa yanalipia mambo mengi, mojawapo ni mtu mmoja kuona kompyuta mia tatu kwenye skrini moja na kujua ipi imeguswa saa ngapi. Wewe una kompyuta mbili, ukigeuza shingo umeziona zote. Ukiwa na sababu ya kulipia, lipia, sijakataza popote. Nilichokataa ni kulipia antivairasi huku watu wote mnaingia kwa akaunti ya admini.

mdadisi: Samahani narudi. Kama mlinzi yupo, kwa nini kusasisha Windows kuwe na uzito namna hiyo?

Mwandishi: Usiombe samahani. Antivairasi inakagua anayeingia. Sasisho linaziba tundu la ukutani. Chukua WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia: Microsoft walitoa kiraka cha lile tundu Machi 14, 2017. Virusi vyenyewe vilipiga Mei 12. Karibu miezi miwili kiraka kipo, na bado hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Na kirusi hicho hakikuhitaji mtu abofye kiambatisho, kilikuwa kinarukia kompyuta hadi kompyuta chenyewe kwenye mtandao.

bado_kumi: Mimi niko Windows 10 na sina mpango wa kuhama. Defender si inaendelea?

Mwandishi: Msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Microsoft wamesema orodha za virusi za Defender zitaendelea kuja hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi tena kama hukujiandikisha kwenye sasisho za ziada. Sasa umeshasoma jibu nililompa mdadisi, jipimie.

fundi_mchanga: Kirusi kinafutwa, nikiwasha kompyuta kimerudi. Mara ya tatu sasa.

Mwandishi: Nenda Scan options, chagua Microsoft Defender Offline. Hifadhi kazi zako kwanza maana kompyuta itajizima na kujiwasha, na ukaguzi unafanyika kabla Windows haijaamka, takriban dakika 15. Kirusi kinakuwa bado kimelala. Ukimaliza angalia Exclusions, vya kurudi rudi hupenda kujiandikisha humo.

mtaa_wa_pili: Naongezea: kwenye File Explorer washa kuonyesha vimalizio vya majina ya mafaili. Niliwahi kupokea "ankara.pdf" ambayo kumbe ni ankara.pdf.exe, yaani programu, siyo waraka.

Mwandishi: Naam. Hiyo ningeiweka kwenye somo, nimesahau.

mdadisi: Na kitufe cha Windows pamoja na L, ufunge skrini, kila unapoinuka kitini.

bado_kumi: Tukiwa hapo, kompyuta ikiibwa je? Mimi nimewasha BitLocker, ile kufuli ya diski nzima, na ule ufunguo wa dharura wa kuifungulia, wa tarakimu 48, nimeutunza vizuri kwenye Notepad.

Mwandishi: Notepad ya kompyuta ipi?

bado_kumi: Hii hii.

Mwandishi: Chapisha sasa hivi. Nasubiri.

bado_kumi: Printa haina wino.

Mwandishi: Kalamu unayo?