Kumlea mbwa kipofu wa kuokotwa: hatua kwa hatua kutoka Tabora

Mbwa wengi wasioona ninaoletewa hapa Tabora hawakuzaliwa hivyo. Wametoka porini, upande wa Sikonge na Urambo, walikofuatana na warina asali au wachunga ng'ombe, wakaumwa na ndorobo, yaani mbung'o. Vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na inzi hao, vikiingia kwenye damu, mbwa hupata homa, hukonda, fizi hupauka, na mwishowe macho hufunikwa na ukungu mweupe wa kisamawati. Mwenyewe akiona hana kazi tena, humtelekeza stendi au sokoni.

Mbwa huyo anafugika, tena vizuri. Anachohitaji kuliko huruma ni nyumba isiyobadilika-badilika.

Hatua ya 1: Mtazame kwa mbali kwanza. Mbwa anayetokwa na udenda mwingi, taya limelegea, sauti imebadilika au anang'ata vitu ovyo, usimguse. Mwite afisa mifugo wa kata. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko tu.

Hatua ya 2: Damu ipimwe kabla ya kumwita kipofu wa kudumu. Nagana ikiwahiwa, ukungu wa macho unaweza kupungua. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: dondosha kipande cha pamba mbele ya uso wake. Pamba haina kishindo, kwa hiyo akiifuata kwa kichwa, bado anaona kiasi fulani.

Hapa niseme wazi. Diminazini, dawa ya nagana wanayochomwa ng'ombe, hutumika pia kwa mbwa, lakini kwake kipimo kikizidi kidogo tu huathiri ubongo. Usimwombe jirani mwenye ng'ombe akusaidie kwa bomba lake la sindano, hata awe na uzoefu wa miaka. Mbwa apimwe uzito, daktari apige hesabu. Hapo hapo amalizie minyoo, kupe na chanjo ya kichaa, ambayo hurudiwa kila mwaka. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, uliza halmashauri kama kuna chanjo ya bure.

Hatua ya 3: Andaa uwanja. Hii ndiyo kazi kubwa, na wengi huiruka. Piga magoti, uzunguke kwako kichwa chako kikiwa usawa wa kichwa cha mbwa. Utaona usiyoyaona ukiwa umesimama: msumari uliotokeza kwenye mlango wa banda, ncha ya bati, miiba ya michongoma, kanyagio la baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Ondoa au ziba. Kisima kiwe na mfuniko mzito, si gunia. Kuzunguka kisima na ngazi mwaga kokoto upana wa hatua mbili, ajue kwa nyayo kwamba amekaribia hatari.

Kisha chagua mahali pa bakuli la maji, na lisihame tena. Mfunge kamba fupi, mtembeze polepole kutoka kwenye bakuli hadi mlangoni, rudini. Kutoka kwenye bakuli hadi anapolala, rudini. Halafu mahali pa haja. Akipotea njia usimbebe, maana ukimtua hajui yuko wapi. Mwongoze kwa miguu yake mpaka kwenye bakuli, atajipanga mwenyewe. Na baiskeli, tafadhali, iegeshwe pale pale kila siku.

Hatua ya 4: Sauti kabla ya mkono. Taja jina lake kwanza, ndipo umguse. Mbwa asiyeona akishikwa ghafla usingizini huuma kwa kushtuka tu, kwa hiyo watoto wafundishwe mapema. Chagueni maneno machache, "simama", "ngazi", "taratibu", na nyumba nzima itumie hayo hayo. Bibi akisema Kinyamwezi na watoto Kiswahili, mbwa atachanganyikiwa. Kama una mbwa mwingine, mfunge njuga shingoni, kipofu atamfuata.

Hatua ya 5: Chakula. Ugali na dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu vinatosha. Asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa. Msimu wa maembe, fagia chini ya miti kila asubuhi: ataifuata harufu, na kokwa likimezwa huziba utumbo.

Hatua ya 6: Majirani. Wengi wetu hapa ni Waislamu, na mate ya mbwa ni jambo la twahara. Mfungie wakati watu wanapita kwenda msikitini, asisogelee vyombo vya mtu. Ukifanya hivyo watakusaidia kumrudisha siku akitoroka. Kwenye mkanda wake andika "SIONI" na namba yako ya simu. Mtembeze alfajiri, bodaboda zikiwa bado chache.

Baada ya hapo kagua macho kila siku. Akianza kuyasugua kwa mguu, jicho likawa jekundu au likavimba, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu jicho lisiloona bado linauma. Daktari akishauri liondolewe, kubali. Kidonda kikipona, mbwa aliyekuwa amejikunyata kwa maumivu hurudi kula na kucheza.